Nyasi Kutoka kwa Kitinda

10 Februari

Mwanangu Kitinda,

Barua yako nimeipata. Ni ya kwanza tangu tulipomzika baba yako, kwa hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili. Mfuko wa mbolea ya dukani uliomwachia shangazi yako anipe nimeuona pia, nami nimemrudishia yeye autumie kwake. Usikasirike. Miaka yangu yote ya kazi niliwafundisha wakunga wanafunzi kwamba mama anayejifungua vizuri haguswiguswi. Unakaa karibu naye, unamwangalia, unanyamaza. Sasa nimestaafu, na ardhi naikalia vivyo hivyo. Silimi, sipulizi dawa, sichomi majani. Ninafunika udongo, ninapanda, ninangoja. Sheria yangu ni moja tu: kitu ambacho hakikuota ndani ya ua wangu hakiingii shambani mwangu.

Shangazi yako analiita shamba la mgonjwa, kwa kuwa daima limefunikwa blanketi na wageni hawaruhusiwi kulisumbua. Anacheka mpaka anashika mbavu. Mwache acheke.

Mwaka huu hata hivyo sina la kumjibu. Jua limekuwa kali, na mchwa wamemaliza matandazo yangu yote. Udongo uko wazi kama kichwa kilichonyolewa. Nami nina ile mbegu ya maharage ya madoa ya bibi yako, mama yake baba yako. Wengine wote wameiacha, hata shangazi yako, binti yake wa kumzaa. Wanapanda za dukani. Zilizobaki duniani, kwa ninavyojua, ni zile zilizomo kwenye chupa yangu. Zimekaa misimu miwili bila kupandwa kwa sababu ya ukame. Zikikaa na huu wa tatu, sina hakika kama zitaota tena. Lazima zipandwe mvua hii, na siwezi kuzipanda kwenye udongo ulio uchi.

Sikuandikii ili unitumie kitu. Umeniuliza hali yangu, ndiyo hiyo. Msalimie mkeo, aache kunyanyua ndoo sasa.

Mama yako

21 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimecheka kuhusu shamba la mgonjwa, halafu nimeona aibu, maana hata mimi niliwahi kulicheka.

Umesema nisitume kitu, na mimi nimeshatuma. Usianze kugomba kabla hujamaliza kusoma. Hapa ranchi, kazi yangu ni kwenye mizani ya magari. Kila kinachoingia na kinachotoka kinapita mbele ya dirisha langu. Wiki iliyopita marobota ya nyasi kavu yalinyeshewa ghalani, yakaanza kuota ukungu. Ng'ombe hawapewi nyasi za ukungu. Msimamizi akasema zitupwe. Nikamwomba, akanipa. Dereva mmoja tunayemwita Breki, kwa sababu hajui kuzitumia, anapita huko kwenu kila mwezi na lori tupu. Atakushushia.

Hakuna mbolea, Mama. Hakuna dawa. Ni nyasi tu. Ng'ombe walikuwa wazile. Ninajua sheria yako, lakini mimi nimeota ndani ya ua wako, kwa hiyo kinachotoka kwangu ukihesabu kuwa cha nyumbani.

Mwanao,
Kitinda

9 Machi

Mwanangu,

Breki amefika, na sasa najua jina lake limetoka wapi. Nusu ya ua wangu wa michongoma imelala. Alishusha marobota huku akiniambia kwamba wewe humsumbui mtu kwenye mizani na kwamba kila anayepita anapata salamu yako. Nilimpa chai, akanywa vikombe vitatu huku akikusifu. Ningempa na cha nne.

Nilisimama mbele ya zile nyasi kwa muda. Ulivyonijibu kuhusu ua wangu ulinishinda. Nikafungua robota la kwanza. Likatoa harufu nzuri ya jua, ukungu wake kidogo tu. Nikaanza kutandaza.

Kipande cha juu kimefunikwa chote, unene wa kiganja. Kwa kipande cha chini, kile cha kando ya mtaro, hazikutosha. Huko nimefunika kwa majani ya migomba na vijiti vyangu mwenyewe, kwa shida. Mvua za kwanza zimekuja juzi. Nimepanda maharage ya bibi yako yote, juu na chini, chupa ni tupu. Sehemu kubwa nimeiweka juu, palipofunikwa vizuri.

Nilikuwa sijapata msaada wa mtoto shambani tangu ulipokuwa mdogo ukinifukuzia kuku. Ahsante, Kitinda. Niandikie tena upatapo nafasi.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Nafasi nimeipata. Barua yako mke wangu ameibandika ukutani juu ya jiko, pale penye kalenda. Anasema anataka mtoto akizaliwa akute nyumba yenye habari njema. Nimewaeleza wenzangu wote hapa mizani kuhusu maharage ya bibi. Wananitania, wananiita bwana shamba.

Nitakuandikia kila juma, ukitaka usitake. Niambie yameota lini, yana majani mangapi, yamefika wapi. Usiniandikie kama unajaza kadi ya kliniki, nataka maneno mengi.

Kitinda

6 Aprili

Mwanangu,

Mvua ni nzuri. Maharage yameota, juu na chini.

Nina swali, nauliza tu: zile nyasi zilikatwa wapi?

Mama yako

14 Aprili

Mama,

Nilikuomba maneno mengi, ukanipa machache. Lakini yameota, basi nimeridhika.

Nyasi zilikatwa katika shamba kubwa la kando ya barabara. Ungeliona ungelipenda. Ni safi kuliko yote, hakuna gugu hata moja, nyasi tupu kutoka uzio hadi uzio. Trekta hupita mara moja kwa mwaka ikinyunyiza, na kila chenye jani pana kinakauka. Nyasi zenyewe haziguswi. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, sijakuletea mbegu za magugu.

Nikipata nyingine nitakuletea za kile kipande cha chini.

Kitinda

23 Aprili

Kwa Bi Kengele, mwenzangu wa wodi,

Nakuandikia wewe kwa sababu lazima nimwambie mtu, na huku hakuna. Wifi yangu nampenda, lakini mdomo wake hauna mlango.

Nyasi alizoniletea Kitinda zina dawa. Maharage ya kipande cha juu yaliota vizuri, halafu majani yakaanza kujikunja kama vidole vya mtoto mchanga, shina likasokotwa, ncha ikafa. Nyanya zilizojiotea humo ni vivyo hivyo. Mahindi hayana neno, yamenawiri. Nilidhani ni ugonjwa. Nikachukua makopo mawili ya maziwa, moja nikatia udongo wa kutoka chini ya nyasi zake, jingine udongo wa kipande cha chini, nikapanda kunde kwenye yote, nikayaweka dirishani pamoja. La kwanza limejikunja. La pili limesimama.

Nilimfuata bwana shamba wa kata na kopo mkononi kama mtu anayepeleka choo maabara. Alilitazama akatikisa kichwa. Anasema ipo dawa ya kuua magugu ya aina hiyo. Nyasi haiziui, ng'ombe haiwadhuru, hupita tumboni ikatoka kwenye samadi, na ikiingia kwenye udongo hukaa misimu na misimu. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema nizitoe nyasi nitakazoweza kuzitoa, kisha ningoje. Nikamuuliza ningoje mpaka lini. Akasema hajui.

Nyasi nimezitoa, nimezirundika nyuma ya choo. Wifi nimemwambia maharage yamepigwa na baridi. Mbegu ya mama mkwe wangu sasa imebaki katika kipande cha chini peke yake, kile ambacho nyasi hazikutosha. Maharage ya huko yanakua vizuri. Yakifunga na kukomaa, chupa yangu itapata kitu.

Unajua Kitinda alivyokuwa. Miaka yote hii alikuwa akiniletea fedha kwa mkono wa watu na salamu za kusoma kwenye karatasi ya mwingine. Tangu zile nyasi, ananiandikia kila juma. Ananiuliza majani mangapi. Ameibandika barua yangu ukutani. Sasa nimwambie nini? Nitamwambia nikishavuna, mbegu ikiwa mkononi, nimwambie kwa kucheka.

Macho yangu ndiyo yaleyale. Nitakuja kwako Mei kwa ajili ya lile jicho.

Matroni wako

30 Aprili

Matroni,

Umenichosha. Ulikuwa unatugombeza wodi nzima tukimficha mzazi habari ya mtoto wake, halafu leo unamficha mwanaume mwenye ndevu habari ya maharage. Mwambie. Mtu asiyejua kwamba amekukanyaga atakukanyaga tena, na kwa nguvu zaidi, kwa kuwa anadhani anakukanda.

Kitanda kipo tayari. Daktari wa macho amekupangia tarehe kumi na nne. Njoo na khanga zako, usije na udongo.

Kengele

4 Mei

Mwanangu Kitinda,

Naona unasema tena habari ya kuniletea nyasi nyingine. Usijisumbue. Shamba lina matandazo ya kutosha. Tena Breki atamaliza ua wangu wote. Mgongo wangu nao hautaki kutandaza tena mwaka huu. Zilizokuja zilitosha, ninashukuru sana, hazihitajiki nyingine. Nasema kweli.

Juma lijalo nakwenda kwa Bi Kengele kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, nitakaa huko mpaka daktari aniruhusu. Shangazi yako atanitazamia kuku. Maharage ya kipande cha chini yanaanza kutoa maua.

Mama yako

12 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuomba unisaidie jambo, na kwanza uniahidi kwamba hutamwambia Mama.

Unamjua. Ukimpa kiti anasema anapenda kusimama. Ameniandikia kwamba hahitaji nyasi nyingine, mgongo wake hautaki kutandaza. Mimi nimesoma hapo kwamba anazihitaji ila hataki kuonekana mzigo. Mwanzoni aliniambia mwenyewe kwamba kipande cha chini hakikutoshelezwa, na sasa maharage ya bibi yanatoa maua huko penye vijiti na majani ya migomba tu.

Breki anakuja tarehe kumi na saba na lori. Nyasi ni za shamba lilelile, safari hii hazina hata ukungu, nimezinunua mwenyewe. Tafadhali zitandaze kipande cha chini, nene, kila shina lifunikwe vizuri, ili Mama akirudi na jicho jipya aone shamba limekwisha kufunikwa bila kuinama. Ninajua unalicheka shamba lake. Nifanyie mimi.

Wako,
Kitinda

24 Mei

Mtoto wa kaka yangu,

Marahaba. Kazi imekwisha. Ulivyoniomba kwa adabu nilishindwa kukataa, ingawa kila aliyeniona nikilifunika blanketi shamba la mgonjwa nilimwambia nimeangusha pete yangu, naitafuta.

Mimi na Breki tulishusha. Yeye ni wa kuongea tu, alichoka mapema akaondoka. Kutandaza nimetandaza mwenyewe, kwa magoti. Nilitaka nizirushe tu nimalize, lakini nilipofika karibu na maua yale nikayatambua. Ya rangi mbili, Kitinda, yale ya mama. Nilikuwa sijayaona tangu nilipokuwa msichana nikitumwa kuchuma majani yake. Sijui kwa nini niliiacha mbegu ile. Niliambiwa ya dukani inazaa haraka, nikaamini. Basi nikayafunika moja moja, nikizisukuma nyasi kwa vidole mpaka zikagusa shina, kama unavyomfunika mtoto miguu. Hakuna lililobaki nje. Usiku ule mvua ikanyesha, nikasema hata Mungu amesaidia kuzilaza.

Ya kipande cha juu sijui yalipatwa na nini. Mama yako alisema baridi, ingawa mimi baridi hiyo sikuisikia. Haya ya chini yameponea.

Akirudi nitamwomba konzi moja ya mbegu nikapande kwangu. Atanisimanga mpaka Krismasi, lakini nitamwomba.

Shangazi yako

8 Juni

Mwanangu Kitinda,

Jicho limepona. Naona mpaka miiba ya michongoma.

Shangazi yako alinipokea njiani, akanifunika macho kwa khanga yake, akaniongoza mpaka kando ya mtaro, akanifunua. Alitaka nishangae. Nilisimama pale, yeye akicheka, akinieleza jinsi alivyotandaza kwa magoti, jinsi ulivyomwandikia. Maharage yalikuwa yameanza kujikunja. Yeye hakuwa ameyaona hivyo. Alidhani yameelemewa tu na uzito wa nyasi.

Sasa nakueleza, nami nilipaswa kukueleza Aprili. Dawa inayonyunyizwa katika shamba lile la kando ya barabara hubaki ndani ya nyasi. Huua maharage, kunde, nyanya, kila chenye jani pana, na hukaa ardhini muda ambao hakuna aliyeweza kunitajia. Kipande cha juu kilikufa kwa zile za kwanza. Nilijua. Nilithibitisha kwa makopo, nikathibitisha kwa bwana shamba, na nikakunyamazia. Nilijiambia kwamba nakulinda usiumie. Kweli yenyewe ni kwamba uliniandikia kila juma, na niliogopa ungeacha.

Tulizitoa nyasi zote siku ileile, mimi na shangazi yako, kwa mikono. Nilipomweleza sababu, alikaa chini kwenye mtaro. Baadaye aliniuliza jambo moja tu: "Ningezirusha tu kwa uvivu, zisingegusa shina, yangepona?" Nikamwambia sijui. Nilikuwa nasema kweli.

Lakini mvua ilikuwa imenyesha mara nne juu yake. Tumengoja. Maua yamedondoka. Viganda vichache vilivyotangulia vimesokotana, nimevipasua, ndani mna ngozi tupu. Nilitafuta shina moja zima, nikatafuta kwa jicho jipya na la zamani. Hakuna. Mbegu ya bibi yako imekwisha.

Wodini nilikuwa nikikosa la kufanya, angalau niliosha kitu. Hapa nakaa tu kwenye kiti nje ya mlango. Siwezi kulima, maana kulima kutaizika dawa chini zaidi. Siwezi kupanda. Shangazi yako anakuja asubuhi, anakaa karibu nami, kisha anakwenda kwake.

Usitume kitu cha kufidia, hakipo. Usimgombeze shangazi yako, wala Breki. Kwa upande wako, ulinipa ulichokuwa nacho.

Mkeo asitumie nyasi hizo wala samadi ya huko kwenye bustani yoyote. Niandikie, hata kama huna la kusema.

Mama yako

20 Juni

Mama,

Sina la kusema, lakini umesema niandike.

Barua yako niliisoma nikiwa kazini. Nikaisoma tena. Nikafunga dirisha la mizani na magari yakapiga honi, nikafungua.

Nilikwenda kwa msimamizi. Nilimweleza yote kwa utaratibu, kama ulivyonieleza. Alinisikiliza vizuri, siwezi kusema alinidharau. Akaniambia dawa hiyo imeruhusiwa, ng'ombe wanakula na wananenepa, na nyasi zinauzwa kuwa chakula cha mifugo, si za bustani. Nikamwambia watu wanatandaza, na samadi inakwenda mashambani. Akasema hilo linatoka nje ya lango letu. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ninaipenda kazi yangu. Mke wangu atajifungua mwezi ujao.

Mke wangu alikuwa na vichaka viwili vya nyanya nyuma ya nyumba, alivipanda akikuiga wewe. Nilimkuta akivimwagia maji. Vimejikunja. Nilikuwa nimemletea nyasi mwenyewe, robota zima, mwezi Aprili. Sijamwambia bado. Barua yako ya Machi bado iko ukutani.

Mama, tuko katika msimu wa kuuza. Magari ya nyasi yanapita tangu asubuhi. Nayapima. Naandika uzito, nagonga muhuri, nafungua kizuizi. Leo dereva mmoja kijana aliteremka akanisalimia, mtu wa tabasamu sana. Alisema ng'ombe hana. Anampelekea mama yake, ana bustani ya mboga, udongo wake umekauka. Nikamwambia asimpelekee. Nikamwambia zina dawa, mboga zitakufa, kwamba mama yangu zimemmaliza. Nilikuwa nasema haraka na nadhani sauti yangu ilikuwa mbaya, kwa sababu wa nyuma yake alianza kucheka. Kijana akafikiri natafuta kitu kidogo. Akatoa noti, akaiweka dirishani.

Nikamrudishia. Akashangaa, akasema, "Sasa kaka, kama hutaki pesa, tatizo liko wapi? Ni nyasi tu."

Honi zilikuwa zinapigwa nyuma. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi akitazama. Nikaandika uzito, nikagonga muhuri, nikamfungulia.

Mwanao,
Kitinda